Modeli mseto zinapogoma: dalili, chanzo na dawa katika R, Stata, SPSS, SAS na Python

Ujumbe huja usiku, na picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imekaa upande, maandishi mekundu katikati. "Shikamoo mwalimu, R imenikatalia." Wengi wanaoniandikia ni wanafunzi wa shahada ya pili na maofisa utafiti wa huku kwetu Mwanza. Huyu ana data za kichocho kutoka shule za Ukerewe, yule amepima sato kwenye vizimba upande wa Ilemela, mwingine ana majaribio ya mihogo. Data zao zina sura moja: vipimo vimekaa ndani ya makundi. Watoto ndani ya shule, samaki ndani ya kizimba, kaya ndani ya kijiji. Ndiyo maana wanahitaji modeli mseto, yenye athari za kudumu (dawa, chakula, muda, yale tunayotaka kuyapima) pamoja na athari nasibu (tofauti za shule na shule au kizimba na kizimba, ambazo hatuzitaji moja moja, tunapima tu zimetawanyika kiasi gani).

Hapa nimeweka malalamiko yanayojirudia. Kila dalili ina vyanzo vyake, kile kinachotokea mara nyingi kikitangulia. Ila ipo hundi moja ya kufanya kabla ya zote, nayo haihitaji hata kufungua programu ya takwimu.

Kwanza: nani anaishi ndani ya nani

Chukua karatasi. Andika una mistari mingapi ya data, makundi mangapi, na kila kundi lina mistari mingapi. Kisha iambie programu ihesabu vilevile, ulinganishe.

Dada mmoja aliniletea faili la vijiji 9, kila kijiji kaya 20. Kwenye karatasi yake kaya ni 180. R ikahesabu 20. Wadadisi walikuwa wameandika namba za kaya kuanzia 1 hadi 20 katika kila kijiji, kwa hiyo programu ikaamini kwamba kaya namba 7 ya Kayenze na kaya namba 7 ya Igombe ni nyumba moja. Alikuwa amehangaika na modeli wiki mbili. Tulitengeneza safu mpya inayounganisha jina la kijiji na namba ya kaya, ikaisha kwa dakika tatu. Katika R ungeweza pia kuandika (1 | kijiji/kaya). Stata haina tatizo hili ukiandika || kijiji: || kaya: kwa mpangilio huo, kwa kuwa inajua cha pili kiko ndani ya cha kwanza. SPSS na SAS zinataka uandike kaya*kijiji au kaya(kijiji). Lakini namba isiyojirudia ndiyo salama kuliko zote, maana inabaki salama hata ukihamia programu nyingine.

Nusu ya ninaowasaidia huishia hapa.

Dalili: programu mbili, data moja, majibu mawili

Hili ndilo linalogombanisha wanafunzi na wasimamizi wao. Msimamizi alisomea SPSS au SAS, mwanafunzi amejifunza R mwenyewe, na kila mmoja anaiapia programu yake. Kwa kawaida hakuna iliyokosea. Zimeulizwa maswali mawili tofauti bila mwulizaji kujua, kwa sababu kila programu ina chaguo-msingi lake.

Anza na idadi ya mistari iliyotumika, ambayo programu nyingi huiandika mahali fulani kwenye majibu. R hutupa kimya mistari yenye NA (alama ya kipimo kilichokosekana). SPSS nayo, ikiwa hukuitangazia kwamba 999 maana yake ni "hakupimwa", itaisoma 999 kama kipimo halali, na sato wako watanenepa ghafla. Idadi zikitofautiana, usiendelee na lolote lingine mpaka ujue mistari ipi imepotea na kwa nini.

Idadi zikiwa sawa, tazama kundi la rejea. R huchukua la kwanza kwa alfabeti, Stata huchukua lenye namba ndogo, SPSS na SAS huchukua la mwisho. Una makundi "bila" na "nyongeza": R itakupa nyongeza ikilinganishwa na bila, SPSS itakupa bila ikilinganishwa na nyongeza. Namba ni ile ile, alama imegeuka kutoka chanya kwenda hasi. Nimeona tasnifu ikiandika kwamba chakula cha nyongeza kinapunguza uzito wa samaki, na hakuna kilichoharibika zaidi ya hiyo alama. Kukiwa na mwingiliano wa vigeu (tuseme chakula na muda), hata namba zenyewe hubadilika, si alama tu, kwa hiyo hapo ni lazima uweke rejea kwa mkono pande zote mbili.

Chanzo cha tatu ni njia ya kukadiria. R kupitia kifurushi cha lme4, SAS, SPSS na Python hutumia REML (njia ya uwezekano mkubwa iliyowekewa mipaka) usipoziambia kitu. Stata, na pia MixedModels, kifurushi cha lugha ya Julia, hutumia ML (uwezekano mkubwa wa kawaida). Tofauti yake ni ndugu wa ile ya kugawa kwa n au kwa n kutoa moja: ML hupunja varyansi (kiasi cha mtawanyiko) ya makundi, na makundi yakiwa machache hupunja zaidi. Ukiwa na vijiji 200 hutaiona. Ukiwa na vizimba 6 utaiona vizuri sana. Katika Stata ongeza reml mwishoni. Tahadhari moja: ukitaka kulinganisha modeli mbili zenye athari za kudumu tofauti kwa kipimo cha uwezekano, tumia ML kwa zote mbili, maana logi ya uwezekano ya REML hailinganishiki hapo. Kitendakazi anova() cha lme4 hukufanyia hilo chenyewe, na husema kwamba kimefanya.

Cha nne ndicho kinachowapita hata wazoefu: uhusiano kati ya mwanzo wa mstari na mteremko. Tuseme kila kizimba kina uzito wake wa kuanzia na kasi yake ya kukua. Je, vizimba vilivyoanza na vifaranga wakubwa ndivyo vinavyokua haraka? R, ukiandika (1 + siku | kizimba), hukadiria uhusiano huo. Stata, SAS na SPSS, usipoziambia, huchukulia kwamba haupo kabisa. Hizo ni modeli mbili tofauti. Modeli moja katika programu tano inaandikwa hivi:

R: lmer(uzito ~ siku + (1 + siku | kizimba), data = d)

Stata: mixed uzito siku || kizimba: siku, covariance(unstructured) reml

SAS: proc mixed data=d; class kizimba; model uzito = siku / solution; random intercept siku / subject=kizimba type=un; run;

SPSS: MIXED uzito WITH siku /FIXED=siku /PRINT=SOLUTION /RANDOM=INTERCEPT siku | SUBJECT(kizimba) COVTYPE(UN).

Python: smf.mixedlm("uzito ~ siku", d, groups="kizimba", re_formula="~siku").fit()

Ukitaka kwenda upande wa pili, yaani R ifanye kama Stata, weka mistari miwili ya wima badala ya mmoja: (1 + siku || kizimba).

Mwisho kabisa, hakikisha unalinganisha kitu kimoja. Stata, SAS, SPSS na Python huonyesha varyansi. Kifurushi cha zamani cha R, nlme, huonyesha mkengeuko sanifu. lme4 huonyesha vyote viwili pembeni kwa pembeni. Mtu anaona 4 huku na 16 kule, anapanda presha, kumbe 16 ni 4 mara 4. AIC nayo, kile kipimo cha kulinganisha modeli, usiilinganishe kati ya programu na programu: chini ya REML, SAS huhesabu vigezo vya kovariansi peke yake, lme4 huhesabu vyote.

Dalili: "boundary (singular) fit"

Kila programu ina lugha yake ya kusema jambo hili. R husema hivyo juu. SAS huandika "Estimated G matrix is not positive definite". SPSS huandika kwamba "final Hessian matrix is not positive definite", halafu inaendelea kuchapa majedwali kana kwamba hakuna kilichotokea. Python huonya kwamba jibu huenda liko mpakani. Stata mara nyingi hainung'uniki. Inakuachia varyansi kama 3.2e-18, au nafasi tupu pale kosa sanifu lilipotakiwa kuwa. Zote zinasema: nimekadiria varyansi fulani kuwa sifuri, au uhusiano kuwa 1 au -1 kamili.

Karibu kila mara chanzo ni makundi machache. Shule tatu haziwezi kukuambia shule zinatofautiana kiasi gani, kama vile ambavyo huwezi kujua bei ya dagaa inavyobadilika mwaloni Kirumba kwa kwenda siku tatu. Makundi yakiwa matatu au manne, na wewe hukusudii kusema lolote kuhusu shule nyingine, yaingize kama athari ya kudumu, uachane na athari nasibu. Hilo linafaa tu ikiwa ndani ya kila shule kuna waliopata dawa na wasiopata. Kama shule nzima ilipata au haikupata, soma dalili ya safu zinazotupwa, hapo chini.

Kinachofuata ni tamaa. Mtu ana vizimba 6 na ameomba mteremko wa muda, wa joto la maji na wa oksijeni, kila kimoja kwa kila kizimba. Hiyo ni varyansi nne na uhusiano sita, vyote kutoka kwenye vizimba sita. Punguza: ondoa uhusiano kwanza, halafu miteremko mmoja mmoja, ukianza na ule ambao hata wewe huwezi kuueleza kwa mdomo.

Kuna chanzo cha tatu, adimu, ambacho wafugaji wa samaki wanakijua kuliko watakwimu. Ndani ya kizimba kimoja samaki hugombania chakula. Wakubwa hula, wadogo hudumaa. Matokeo yake samaki wa kizimba kimoja hutofautiana wao kwa wao kuliko vizimba vinavyotofautiana, na uhusiano wa ndani ya kundi unakuwa hasi. Varyansi haiwezi kuwa hasi, kwa hiyo programu inaibana kwenye sifuri. Katika SAS unaweza kuiruhusu kwa neno nobound, au ukaeleza uhusiano huo upande wa masalia kwa repeated yenye type=cs. Katika R, gls ya nlme yenye corCompSymm hufanya vivyo hivyo.

Onyo: varyansi ikiwa sifuri, usikimbilie kufuta kundi kwenye modeli. Kama chakula kiligawiwa kwa kizimba, kizimba ndicho kilichofanyiwa jaribio, na kinabaki. Ukikifuta, samaki 180 watageuka kuwa majaribio 180 yanayojitegemea, na thamani ya p itashuka bila haki. Andika kwenye ripoti kwamba varyansi ilikadiriwa kuwa sifuri.

Dalili: modeli haitui

"Model failed to converge with max|grad|" katika R, "not concave" inayojirudia mstari kwa mstari katika Stata, "Did not converge" katika SAS. Programu inatafuta kilele cha mlima katika ukungu, na imechoka kabla ya kufika.

Tazama tarehe kwanza. Sicheki, ila hili hunifurahisha kila mara. Umeingiza tarehe ya kupima kama kigeu cha muda. Kwa Stata na SAS, tarehe ni idadi ya siku tangu 1 Januari 1960. Kwa R ni siku tangu 1 Januari 1970. Kwa SPSS ni sekunde tangu 14 Oktoba 1582, siku moja kabla ya kalenda ya Gregori kuanza. Kwa hiyo mwanzo wa mstari wako katika Stata ni uzito wa sato mwaka 1960, na katika SPSS, kama samaki anaongezeka gramu 2 kwa siku, mteremko ni 2 gawa kwa 86,400, namba ndogo kiasi kwamba utadhani ni sifuri. Toa tarehe ya kwanza ya jaribio kutoka kila tarehe, gawa kama inahitajika, upate siku 0, 14, 28. Mara nyingi modeli hutua papo hapo.

Mizani za vigeu ndizo jambo lile lile kwa sura nyingine. Umri wa miaka 9 umekaa pembeni ya mapato ya kaya ya shilingi 2,400,000. Gawa mapato kwa milioni, au toa wastani kisha gawa kwa mkengeuko sanifu. R yenyewe hudokeza: "consider rescaling".

SAS ikisema "Stopped because of infinite likelihood", tafuta mistari miwili ya mtu mmoja katika siku moja. Mdadisi aliingiza fomu mara mbili, basi.

Haya yote yakiwa safi na bado haitui, badilisha njia ya kutafuta. Katika R:

m2 <- update(m, control = lmerControl(optimizer = "bobyqa"))

allFit(m) itajaribu njia zote zilizopo na kukuonyesha majibu yake. Katika Stata ongeza difficult. Njia zote zikitoa namba zinazolingana kwa kiasi ambacho kwako hakina maana, lile onyo lilikuwa la woga tu. Waandishi wa lme4 wenyewe wamesema hundi hiyo hupiga kelele za bure. Lakini njia moja ikisema chakula kinaongeza gramu 40 na nyingine ikisema gramu 12, simama. Usichague inayokupendeza. Hapo anahitajika mtakwimu, na huenda data zako hazina uwezo wa kujibu swali ulilouliza.

Dalili: "number of levels of each grouping factor must be < number of observations"

Kundi lako lina mstari mmoja mmoja. Ama umechagua safu isiyo yake (namba ya fomu badala ya namba ya mtoto), ama faili limekaa kwa upana, ziara ya kwanza, ya pili na ya tatu zikiwa safu tatu badala ya mistari mitatu. Ligeuze liwe refu: pivot_longer katika R, reshape long katika Stata, VARSTOCASES katika SPSS.

Kinyume chake ni kibaya zaidi kwa sababu programu haitalalamika. Kijana mmoja alikuwa akichota sato 30 kwa wavu wa mkono kutoka kila kizimba kila baada ya wiki mbili, anawapima mtumbwini, anawarudisha majini. Kwenye daftari aliandika samaki 1 hadi 30. Ziara ya pili, tena 1 hadi 30. Kwenye modeli akaweka (1 | samaki). Nikamuuliza: "Samaki namba 1 wa wiki ya pili na namba 1 wa wiki ya nne, ni yule yule?" Akacheka. Hakuna aliyefungwa alama. Namba ile ni foleni ya kupimwa, haina maana nyingine. Tukaondoa samaki, tukaacha kizimba, na ndani yake ziara ya kizimba, kwa kuwa siku ya mawimbi mizani ya kuning'iniza hucheza na samaki wote wa siku ile hupokea kosa moja: (1 | kizimba/ziara).

Dalili: hakuna thamani ya p, au ni ndogo mno

lme4 haikupi p makusudi, wala haijaharibika. Idadi ya digrii za uhuru katika modeli mseto haina jibu moja safi, na Douglas Bates, mwandishi mkuu wa lme4, aliamua kutochapa namba asiyoiamini. Pakia kifurushi cha lmerTest kabla ya kuendesha modeli, upate p yenye digrii zilizokadiriwa kwa njia ya Satterthwaite, au tumia pbkrtest kwa njia ya Kenward-Roger.

Stata na Python hukupa p kwa z, kana kwamba makundi hayana mwisho. Chukua vizimba 6, vitatu chakula hiki na vitatu kile. Digrii za uhuru za chakula ni 4, na mpaka wa asilimia 5 ni 2.776, wala si 1.96. Takwimu ya 2.3 kwa z inatoa p ya 0.021, kwa t yenye digrii 4 iko juu ya 0.05. Furaha yote ya ukurasa wa matokeo imekaa hapo. Katika Stata andika dfmethod(kroger) pamoja na reml. SPSS hutumia Satterthwaite yenyewe. SAS ina njia yake ya msingi, lakini ddfm=kr ndiyo ninayoishauri kwa makundi machache.

Dalili: safu imetupwa

"Fixed-effect model matrix is rank deficient" kwa R, "omitted because of collinearity" kwa Stata. Vigeu viwili vinasema jambo moja. Kawaida ni mtu aliyeweka umri, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa utafiti kwa pamoja. Ondoa kimoja.

Kubwa ni pale tiba inapokuwa imefungamana na mahali: shule zote za kisiwani zilipata dawa mara mbili kwa mwaka, shule zote za bara mara moja. Hakuna programu duniani itakayokutenganishia kisiwa na dawa. Vilevile ukiweka shule kama athari ya kudumu huku dawa ikiwa imegawiwa kwa shule nzima, dawa itatupwa. Usichezee mpangilio wa vigeu mpaka kile unachokipenda kibaki. Simama, rudi kwa aliyepanga utafiti.

Dalili: inaendesha usiku kucha

Na umeme ukikatika saa tisa za usiku, umerudi sifuri. Hifadhi faili kabla ya kuendesha, na jaribu kwanza kwa sehemu ya kumi ya data.

Katika SAS chanzo ni kusahau subject=. Bila hiyo inaona data nzima kama mhusika mmoja na kujenga tumbo kubwa la matrisi. Katika Stata ni athari zinazokatana (mtoto na mpimaji, pale kila mpimaji alipita shule zote) zilizoandikwa kwa _all: R., wakati upande wenye viwango vichache ndio uliotakiwa kwenda pale. lme4 na MixedModels zimejengwa kwa kazi hiyo, hamia huko. Python hupata shida na athari zinazokatana, na mimi sijawahi kumshauri mtu aipambanie.

Dalili: matokeo ya ndiyo na hapana, au mayai, hayaeleweki

Ana kichocho au hana. Hapa programu hutofautiana hata baada ya kusawazisha kila kitu, kwa kuwa hesabu yenyewe haina njia fupi na kila moja inakadiria kwa namna yake. glmer hutumia Laplace. melogit ya Stata hutumia kwadrecha yenye pointi 7. GLIMMIX ya SAS, usipoiambia, hutumia uwezekano bandia, na GENLINMIXED ya SPSS iko kambi hiyo hiyo. Uwezekano bandia huvuta athari kuelekea sifuri pale makundi yanapokuwa madogo na jibu ni ndiyo au hapana, mfano watoto wawili wawili kwa kaya. Andika method=quad katika GLIMMIX, na nAGQ = 7 katika glmer (inakubali kwa athari nasibu moja tu), kisha linganisha.

Koefishenti ya -18 yenye kosa sanifu la 900 maana yake kuna kikundi ambacho hakuna hata mmoja aliyeugua, au wote wameugua. Chora jedwali la kawaida la mbili kwa mbili, utaiona sifuri. Unganisha vikundi kama ina mantiki. Kama haina, mwite mtakwimu, dawa yake ipo ila si ya kubahatisha.

Kuhusu mayai. Kioo cha Kato-Katz, kipimo cha kuhesabu mayai ya kichocho kwa hadubini, hubeba miligramu 41.7 za choo, ndiyo maana maabara huzidisha kwa 24 kupata mayai kwa gramu. Ukichukua namba hiyo iliyozidishwa ukaiingiza kwenye modeli ya Poisson (ile ya data za kuhesabu), hakuna programu itakayokuzuia, kwa kuwa 24, 48 na 72 ni namba nzima. Lakini Poisson inaamini varyansi ni sawa na wastani. Wewe umezidisha wastani mara 24 na varyansi mara 576. Modeli itadhani umehesabu mayai mengi kuliko uliyoyaona kwenye hadubini, na kila kitu kitakuwa "muhimu kitakwimu". Ingiza idadi ghafi ya mayai, na idadi ya vioo iende kama offset ya logi (kigeu ambacho koefishenti yake imefungwa kuwa 1). Kisha tumia binomia hasi (glmer.nb au glmmTMB katika R, menbreg katika Stata), kwa sababu mayai hujazana kwa watoto wachache na wengi hubaki na sifuri.

Lini uache na kumwita mtakwimu

Nje ya pale niliposema simama, kuna hali tatu ambazo sizigusi kwa ujumbe wa simu. Ni jaribio la dawa kwa binadamu, ambalo mpango wa uchambuzi uliandikwa na kuidhinishwa kabla, hapo hubadilishi modeli kwa sababu haikutua. Ni jaribio lililogawa vijiji vizima, na vijiji ni chini ya kumi kwa kila upande. Na ni pale watoto waliopotea kati ya ziara walipotea kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, au familia zilizohama kambi ya uvuvi ndizo zenye maambukizi mengi. Modeli mseto huvumilia waliokosekana, lakini si waliokosekana kwa namna hiyo.

Ukimwendea, mpelekee vitu vinne: ile karatasi ya nani anaishi ndani ya nani, amri nzima uliyoandika, toleo la programu, na ujumbe wa kosa kuanzia mstari wa kwanza. Uunakili kama maandishi. Picha ya simu iliyokaa upande hukata kulia, na kulia ndiko lilikoandikwa jina la kigeu chenye matatizo.